Albert Schweitzer: Msomi Aliyerudi Darasani Akiwa na Miaka 30

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja mashuhuri ambaye wanafunzi walioko shuleni hivi sasa, pamoja na sisi tuliokwisha kutoka, tunaweza kujifunza jambo kwake. Nimemchagua Dakta Albert Schweitzer, aliyefariki mwaka 1965 huko Lambaréné, nchini Gabon. Wengi wetu tulilisikia jina lake kama la mganga wa Kizungu aliyejenga hospitali msituni. Wachache wanakumbuka kwamba kabla ya kushika kisu cha upasuaji mtu huyo alikuwa na shahada ya udaktari wa falsafa, alikuwa mhubiri, mwalimu wa chuo kikuu na mpiga kinanda wa sifa, na kwamba alihudhuria somo lake la kwanza la utabibu akiwa na miaka 30.

Sababu ya kumchagua ni hii. Katika utumishi wa serikali nimekutana mara nyingi na wenzetu wa umri wa miaka 32 au 35 waliosoma historia, fasihi au falsafa mpaka juu kabisa, kisha wakajikuta wanataka, au wanalazimika, kushika kazi nyingine. Huja kuulizia nafasi za mafunzo wakiwa na haya, kana kwamba wamefanya kosa. Jamaa zao wamekwisha kuwaambia kuwa samaki hukunjwa angali mbichi. Nanyi vijana wa kidato cha tatu na cha nne mnaambiwa kuwa mchepuo mtakaoshika ndio mwisho wa habari. Maisha ya Schweitzer hayatoi jibu la mkato kwa watu hawa wote. Lakini yanaonyesha namna jambo hilo linavyofanyika, na gharama yake.

Kuzaliwa na masomo

Schweitzer alizaliwa tarehe 14 Januari, 1875, katika mji mdogo wa Kaysersberg, jimbo la Alsace. Jimbo hilo liko mpakani, na Wajerumani walikuwa wamelitwaa kutoka kwa Wafaransa mwaka 1871. Kwa hiyo alizaliwa raia wa Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji, na muda mfupi baadaye alihamia na jamaa yake katika kijiji cha Günsbach, ambako mtoto alikulia.

Kwa masomo ya sekondari alipelekwa mji wa Mulhouse, akakaa kwa babu mmoja wa ukoo wao. Mwanzoni alikuwa mwanafunzi dhaifu, hata baba yake akashauriwa kwamba huenda ingefaa amwondoe shuleni. Kilichomgeuza ni mwalimu mmoja tu, ambaye kila siku aliingia darasani akiwa amekwisha kutayarisha somo lake kwa makini. Kijana aliona aibu kuwa mzembe mbele ya mtu mwenye bidii ya namna ile, naye akaanza kusoma. Walimu wetu wanaosoma jarida hili nadhani watalifurahia jambo hilo.

Mwaka 1893 alijiunga na Chuo Kikuu cha Strasbourg kusoma theolojia na falsafa. Papo hapo alikuwa akienda Paris kufundishwa kinanda kikubwa cha kanisani na Charles-Marie Widor, bingwa wa ala hiyo. Mwaka 1899 alipata shahada ya udaktari wa falsafa kwa tasnifu juu ya mawazo ya Kant kuhusu dini. Mwaka uliofuata alipata shahada ya theolojia na kuwa mhubiri katika kanisa la Mtakatifu Nicholas mjini Strasbourg. Mwaka 1902 alianza kufundisha chuo kikuu, na mwaka 1903 alifanywa mkuu wa chuo cha wanafunzi wa theolojia. Mwaka 1905 alitoa kitabu juu ya mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach, na mwaka 1906 kitabu juu ya wataalamu walioyachunguza maisha ya Yesu, ambacho kilimpa jina katika Ulaya nzima.

Basi mtu huyu hakuhama kwa sababu alishindwa. Alihama akiwa na cheo, mshahara, nyumba na heshima.

Ahadi aliyojiwekea

Habari ya kuhama kwake ilianza zamani. Wakati wa Pentekoste ya mwaka 1896, akiwa na miaka 21 na yuko nyumbani likizoni, alijiuliza kama ni haki yeye kuishi kwa raha huku wengine wanateseka. Akakata shauri kwamba mpaka afike miaka 30 atajitoa kwa elimu na muziki, na baada ya hapo atawatumikia watu kwa mikono yake. Hakujua bado itakuwa kazi gani.

Miaka iliyofuata alijaribu njia mbalimbali papo hapo mjini kwake. Alitaka kuwachukua na kuwalea watoto waliotupwa, lakini wakuu wa nyumba za watoto hawakukubali mpango wake. Alisaidia watu wasio na makazi na waliotoka magerezani. Katika kazi hizo aligundua kwamba mtu mmoja peke yake hawezi kufika mbali bila kutegemea vyama na kamati, naye alitamani kazi ambayo angeweza kuisimamia mwenyewe.

Mwaka 1904, msimu wa majani kupukutika, alikuta mezani pake jarida la Chama cha Misioni cha Paris. Ndani yake mlikuwa na makala iliyoeleza upungufu wa watu wa kufanya kazi Gabon, ambayo ilikuwa koloni la Ufaransa. Alipomaliza kuisoma alijua kuwa amepata alichokuwa akikitafuta. Alichagua utabibu kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa amehubiri upendo kwa maneno, akaona sasa afanye kazi isiyohitaji maneno mengi. Alisema pia waziwazi kwamba Waafrika wametendewa maovu makubwa na Wazungu, na kwamba kuwapelekea matibabu ni kulipa deni wala si hisani. Tarehe 13 Oktoba, 1905, akiwa Paris, alitia katika sanduku la posta barua za kuwaarifu wazazi na rafiki zake kwamba anaanza masomo ya udaktari. Sisi huku tunaukumbuka mwaka huo kwa vita vya Majimaji, ambapo serikali ya Wajerumani ilikuwa ikiwaua babu zetu kusini mwa nchi. Kwa hiyo deni alilolitaja halikuwa la kubuni.

Barua zile zilizusha ghadhabu. Jamaa walisema anafukia ardhini vipaji alivyopewa. Wengine walimshauri abaki na kutoa mihadhara ya kuchangisha fedha, kwani angewafaa Waafrika zaidi kwa njia hiyo. Widor, aliyempenda kama mwanawe, alimfananisha na jemadari anayekwenda mstari wa mbele na bunduki mkononi kana kwamba ni askari wa kawaida. Kilichomuumiza hasa ni watu waliojaribu kumchimba moyoni, wakidai kuwa kuna kisa cha siri kinachomkimbiza.

Kwenye benchi la wanafunzi

Alipokwenda kujiandikisha kwa mkuu wa kitivo cha utabibu, mkuu yule angependelea kumpeleka kwa mwenzake wa magonjwa ya akili. Palikuwa na tatizo la sheria vilevile: mwalimu wa chuo kikuu hakuweza kuandikwa kuwa mwanafunzi wa chuo hicho hicho. Serikali iliamua kwamba ataruhusiwa kufanya mitihani iwapo maprofesa watathibitisha kuwa amehudhuria masomo, nao maprofesa, kwa kuwa ni mwenzao, walimruhusu asome bila ada.

Mwisho wa Oktoba 1905 alikaa kwenye benchi pamoja na vijana waliokuwa wadogo wake kwa miaka kumi. Kemia, fizikia, zoolojia, botania, anatomia na fisiolojia, yote aliyaanza chini kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama. Huku akisoma aliendelea kufundisha theolojia, kuhubiri karibu kila Jumapili, na kusafiri kwenda Paris kupiga kinanda katika maonyesho ya Chama cha Bach. Mwaka 1906 aliacha ukuu wa chuo, na pamoja nao nyumba na mshahara wake. Baadaye aliieleza miaka hiyo kuwa ni mapambano ya daima dhidi ya uchovu.

Hata hivyo alipata furaha asiyoitazamia. Katika falsafa na historia alizoea mabishano ambayo hayafiki mwisho, kwa kuwa mwenye ufasaha zaidi huweza kumshinda mwenye ukweli. Katika sayansi aliona ni lazima kila neno lishikiliwe na jambo linaloweza kupimwa. Hakuidharau elimu yake ya kwanza kwa sababu hiyo, ila alihisi kuwa amepata kitu kilichokuwa kimepungua.

Vijana mtapenda kujua kwamba hata bingwa huyu alitishwa na mitihani. Kabla ya mtihani wa kwanza wa mwaka 1908 alikuwa akisoma kwa ajili ya kujua, bila kufikiri sana watahini watauliza nini. Wiki za mwisho wanafunzi wenzake walimshawishi aingie katika kundi lao la kukariri maswali ambayo kila mtahini alipenda kuuliza, na majibu aliyopenda kuyasikia. Alifaulu. Alimaliza mitihani ya mwisho Desemba 1911, akiwa na miaka 36, na ada ya mitihani aliilipa kwa fedha alizopata kwa kupiga kinanda katika tamasha la muziki mjini Munich. Mwaka 1912 alijifunza magonjwa ya nchi za joto huko Paris. Tasnifu yake ya utabibu ya mwaka 1913 iliwapinga madaktari waliodai kuwa Yesu alikuwa na ugonjwa wa akili. Ili kuandika kitabu cha namna hiyo ilimpasa mtu kuwa mwanatheolojia na tabibu pamoja.

Juni 1912 alimwoa Helene Bresslau, binti wa profesa wa historia. Bibi huyu alikuwa amekwisha kufanya kazi ya kuwaangalia watoto yatima mjini Strasbourg, kisha akajifunza uuguzi ili aweze kwenda naye. Tunapomsifu mume kwa kubadili kazi, tukumbuke kwamba Bibi Helene alibadili yake pia.

Lambaréné

Chama cha Misioni hakikumpokea kwa mikono miwili. Baadhi ya wakuu wake waliyatilia shaka mafundisho yake ya dini. Ilimbidi aahidi kuwa atakwenda kama tabibu tu na hatahubiri. Ahadi ambayo baadaye wamisionari wenyewe waliokuwa Gabon walimwondolea. Ilimbidi pia ajitegemee kwa fedha. Alizunguka nyumba hadi nyumba kuomba michango na kufanya maonyesho ya muziki, mpaka akapata za kuanzisha hospitali na kuiendesha kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Wakafunga masanduku 70, wakapanda meli Bordeaux mwezi Machi 1913, na tarehe 16 Aprili wakafika Lambaréné, kando ya Mto Ogooué. Alikuwa na miaka 38.

Jengo aliloahidiwa halikuwako, kwa kuwa vibarua walikuwa wamekwenda kwenye biashara ya magogo iliyolipa zaidi. Chumba chake cha kwanza cha matibabu kilikuwa banda kuukuu la kuku. Wagonjwa walikuja kwa mitumbwi kutoka mbali, wenye malaria, malale, ukoma, kuhara damu, vidonda na ngiri. Katika miezi tisa ya kwanza alitibu watu wapatao 2,000. Mkalimani wake, Joseph, aliyekuwa mpishi, aliyajua lugha kadhaa za huko, naye alitaja viungo vya wagonjwa kwa majina ya nyama za jikoni. Bila Joseph shahada zote zile zisingefaa kitu, maana daktari hakuijua lugha ya mgonjwa hata mmoja.

Agosti 1914 vita vikuu vya kwanza vilianza, na Schweitzer na mkewe, kwa kuwa ni Wajerumani katika koloni la Ufaransa, waliwekwa chini ya ulinzi. Kwa muda alikatazwa kutibu, naye akarudia falsafa. Septemba 1915, akiwa ndani ya mashua mtoni, lilimjia wazo lililokuja kuwa msingi wa mafundisho yake yote, yaani kuheshimu uhai wa kila kiumbe. Mwaka 1917 wote wawili walipelekwa Ufaransa na kuwekwa kizuizini, wakarudi Alsace Julai 1918. Alikuwa mgonjwa, na hospitali ilikuwa imemwachia madeni mengi.

Kazi ya kwanza yailisha ya pili

Mwaka 1920 alialikwa Uswidi kutoa mihadhara ya falsafa katika Chuo Kikuu cha Uppsala. Baada ya mihadhara alizunguka nchi hiyo akipiga kinanda na kuzungumza juu ya Lambaréné, na katika muda wa wiki chache alilipa sehemu kubwa ya madeni ya hospitali. Mwaka 1921 alitoa kitabu juu ya kazi yake ya Gabon, kikauzwa katika nchi nyingi. Kwa fedha za namna hiyo alirudi Lambaréné mwaka 1924, akakuta majengo yamebomoka, na kufikia mwaka 1927 akawa amehamishia hospitali mahali papya penye nafasi zaidi. Kwa miaka mingi iliyofuata alisafiri Ulaya kila baada ya muda kupiga kinanda na kufundisha, na mapato yakanunua dawa na mabati. Wahenga wanasema mshika mbili moja humponyoka. Huyu alishika mbili, na moja ikamlipia nyingine.

Alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1952, na fedha zake akazitumia kujenga kijiji cha wagonjwa wa ukoma. Aprili 1957 hotuba yake ya kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia ilitangazwa na redio kutoka Oslo. Alifariki tarehe 4 Septemba, 1965, akiwa na miaka 90, akazikwa huko huko Lambaréné kando ya mkewe.

Gharama na lawama

Haifai kumwandika mtu kama malaika. Binti yao, Rhena, alizaliwa Januari 1919, na baba aliporudi Afrika mwaka 1924 mtoto alikuwa na miaka mitano. Bibi Helene, ambaye kifua kikuu kilikuwa kimemdhoofisha, alibaki Ulaya na mtoto, na baba hakurudi mpaka mwaka 1927. Kutengana kwa namna hiyo kulijirudia mara nyingi. Mume alipata kazi aliyoiota, na mke, aliyejifunza uuguzi kwa ajili yake, akaikosa kwa miaka mingi.

Lawama ya pili inatuhusu sisi Waafrika. Schweitzer alituita ndugu, lakini ndugu wadogo, naye akiwa kaka mkubwa. Mwandishi Chinua Achebe wa Nigeria, katika mhadhara wake wa mwaka 1975, alilikosoa jambo hilo kwa ukali, na kwa haki. Gabon ilipopata uhuru mwaka 1960, watu wengi walikwisha kuhoji kwa nini hospitali ile iliendelea kuwa ya kizamani na kwa nini Waafrika ndani yake walibaki wasaidizi. Mtu aliyekuwa na unyenyekevu wa kukaa benchi moja na vijana wa Strasbourg hakuwa na unyenyekevu kama huo wa kukaa benchi moja na watu wa Ogooué. Tumsifu kwa lile, na tusimfiche kwa hili.

Kazi yenyewe ilimpita. Kituo cha utafiti kilichokua katika hospitali hiyo kilikuwa mojawapo ya vituo 11 vya Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009. Vingine vilikuwa Bagamoyo na Korogwe hapa kwetu, na Kilifi nchini Kenya.

Tunajifunza nini?

Kwa wenzangu mlio katika miaka ya thelathini na mnafikiri kuanza upya, naona mambo matatu. Kwanza, Schweitzer alijiwekea muda, akajaribu kazi ndogo ndogo karibu na kwake kabla ya kukata shauri, kisha akahesabu fedha hadi ya mwisho. Pili, alikubali kuwa mwanagenzi. Shahada ya falsafa haikumpunguzia hata somo moja la anatomia, wala hakuomba ipunguze. Tatu, hakuitupa elimu yake ya kwanza. Ilimlipia ada, ikamtolea madeni, na ikamsaidia kufikiri alipokatazwa kutibu. Anayesema kuwa miaka aliyotumia kusoma historia au fasihi imepotea, na atazame kwanza ni nini ndani ya miaka hiyo kinachoweza kubebwa.

Zaidi ya hayo, kabla hujaaga kazi ya zamani keti na mwenzi wako na watoto wako, muulizane wazi nani atalipa nini. Jambo hilo Mzee Schweitzer hakulitimiza vema, na sisi tunaweza kumpita.

Nanyi vijana mlioko madarasani, shikeni mchepuo wenu kwa bidii, wa sanaa au wa sayansi. Mnachokisoma leo kwa moyo huenda kisiwe kazi yenu ya mwisho, lakini kitakwenda nanyi. Nawatakia nyote mkutano mwema wa mwaka huu, na wale wenye mitihani, Mungu awasaidie.